Uso wa Mwenye Kupingwa

Mwezi huu nataka niseme nanyi juu ya kiungo ambacho kila mtu anacho wala hakioni ila kwa kioo, nacho ni uso; na hasa uso wa mtu pale asikiapo neno asilolikubali.

Ulimi tumefunzwa kuuchunga tangu utotoni. Kila aliyekalia jamvi la chuo amesomeshwa madhara ya kusengenya, na ya uongo, na ya matusi. Lakini uso, ni nani aliyetufunza kuuchunga? Mtu hunyamaza kimya akajiona amestahimili, kumbe nyusi zake na midomo yake imekwisha kutoa hukumu, na aliye mbele yake amekwisha kuisoma.

Qur'ani Tukufu haikuliacha jambo hili. Katika Suratul-Hajj Mwenyezi Mungu anawataja watu ambao wasomewapo aya zilizo wazi, chuki huonekana katika nyuso zao, hata hukaribia kuwarukia wale wanaowasomea. Na Nabii Nuhu (A.S.) alimshtakia Mola wake kuwa kila alipowaita watu wake walitia vidole masikioni na kujifunika nguo zao. Aya hizi nimezisomesha miaka mingi, na kwa kweli nilikuwa nikizisoma kana kwamba zinasema juu ya watu wa kale tu, waliokwisha kuangamia, wala hazinihusu mimi niliyekaa Chumbageni na juzuu mkononi.

Ama Surat Abasa, hiyo ni nzito zaidi. Watoto huifikia wakiwa karibu kuimaliza Juzuu ya Amma, nao huihifadhi upesi kwa uzuri wa mwendo wake. Jina lake lenyewe ni tendo la uso: kukunja. Mtume (S.A.W.) alikuwa akisema na wakubwa wa Makureshi, akitumai watasilimu, ndipo akaja Abdallah bin Ummi Maktum (R.A.), naye ni kipofu, akaomba afundishwe. Mtume akakunja uso na kugeuka. Sasa tafakari, ndugu msomaji. Kipofu yule hakuuona uso ule. Hapana neno baya alilolisikia. Mkunjo ulipita juu ya uso mbele ya mtu asiyeweza kuuona, na hata hivyo aya ziliteremka kwa ajili yake, nazo zinasomwa mpaka leo. Na Mtume alimkirimu mtu huyo tangu siku ile. Akawa mwadhini wa Madina pamoja na Bilali, na mara kadhaa akaachwa kuwa naibu wake mjini pale yeye alipotoka safari. Ikiwa uso usioonekana ulistahili kutajwa, basi je, nyuso zetu sisi mbele ya watoto wenye macho mawili makali?

Binti yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya sekondari, na hunisomea mambo ambayo mimi, niliyeishia darasa la saba na jamvi la chuo, nisingeyafikia. Yeye ndiye aliyenieleza kuwa wataalamu wa elimu ya nafsi, ambayo vijana huiita saikolojia, wamelichunguza sana jambo hili la uso. Alianza na kitabu cha Mwingereza Charles Darwin cha mwaka 1872, kilichohusu namna wanadamu na wanyama wanavyodhihirisha yaliyo moyoni. Niliposikia jina hilo tu, ambalo mwenyewe ana mengine aliyoyasema nasi hatuyakubali, nikahisi nyusi zangu zinasogeleana. Binti akacheka, akasema, "Baba, sijasoma hata mstari mmoja." Nikamwambia aendelee.

Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, John Cacioppo na Richard Petty, walitoa habari za majaribio yao. Waliwabandika wanafunzi wa chuo kikuu vijipande vidogo vya kupimia umeme wa misuli ya uso, kisha wakawasikilizisha hotuba. Wengine walisikia maneno ya kuafikiana na rai zao, na wengine maneno ya kupingana nazo. Misuli ya walioafikiwa ilielekea upande wa furaha, na ya waliopingwa upande wa karaha, kwa kadiri ndogo sana ambayo jicho la kawaida laweza lisiione. Na la ajabu zaidi ni hili: misuli iliyozunguka midomo ilianza kufanya kazi tangu pale mtu alipoonywa tu kuwa neno la kumpinga linakuja, kana kwamba alikuwa akijitungia majibu kimya kimya. Yaani hotuba bado haijaanza, na jawabu limekwisha anza kupikwa. Ni nani katika sisi asiyejijua hapo?

Kisha mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, akiwamo Aleix Martinez, waliwapiga picha wanafunzi 158 walipokuwa wakizungumza. Walikuwamo wasemao Kiingereza, na Kihispania, na Kichina, na viziwi watumiao lugha ya ishara ya Marekani. Miongoni mwa mambo waliyoambiwa ni kwamba uchunguzi umeonyesha kuwa karo ya chuo yafaa iongezwe kwa sehemu 30 katika 100; wao waonaje? Bila shaka hapana aliyefurahi. Ikaonekana kuwa katika lugha zote nne mwenye kukataa hukusanya nyusi, hubana midomo, na huinua kidevu. Na katika wale viziwi, wengine walikataa kwa uso peke yake, pasipo kutumia ishara ya mkono ya kusema "si hivyo". Kwa hiyo uso kwao ni neno kamili.

Hapa msomaji ataona kuwa nimekwisha kupata hoja: uso ni kitabu kilichofunguka, kila mtu aweza kukisoma. Mimi pia niliona hivyo, mpaka binti alipofungua ukurasa wa pili. Miaka ya mwisho ya 1960 Mmarekani Paul Ekman alikwenda mpaka milima ya New Guinea, kwa watu ambao hawakuwa wamechanganyika sana na walimwengu, akawaonyesha picha za nyuso, akarejea na kusema kuwa hasira, hofu, huzuni na furaha husomeka usoni namna moja duniani kote. Neno hilo lilishika kwa miaka mingi. Walakini katika nchi yetu wenyewe, huku kaskazini, kwa Wahadzabe wa pande za ziwa Eyasi ambao baadhi yao bado huwinda na kuchuma matunda na asali porini, wataalamu walikwenda kujaribu tena. Maria Gendron, Lisa Feldman Barrett na wenzao, akiwamo Mhadzabe mmoja, Shani Mangola, walitoa habari zao mwaka 2020. Walijaribu kwa njia mbili, wakakuta ushahidi haba mno wa kwamba Wahadzabe huona katika nyuso zile yale ambayo Wamarekani huyaona. Wakasema mtu husoma uso kwa elimu aliyofunzwa na watu wake, kama asomavyo herufi.

Na kabla ya hapo, mwaka 2019, huyo Bibi Barrett na wenziwe wanne, na Martinez niliyemtaja yu miongoni mwao, walikusanya habari za chunguzi zaidi ya 1,000. Wakaona kuwa mtu aliyekasirika hukunja uso chini ya mara 30 katika kila mara 100. Mara nyingine hulia, mara nyingine hunyamaza, na wako wanaotabasamu. Na mwenye kukunja uso huenda hana hasira hata chembe. Huenda anafikiri, au tumbo linamsokota, au jua limempiga machoni.

Nilipoambiwa hayo nilikumbuka habari ya Kaab bin Malik (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alibaki nyuma asiende vita vya Tabuk pasipo udhuru. Mtume (S.A.W.) aliporudi, Kaab akamwendea kumsalimu, na Mtume akatabasamu, lakini Kaab mwenyewe asimulia kuwa lilikuwa tabasamu la mtu aliyekasirika. Basi wale mabwana wa vyombo vya umeme wangeuandika uso ule kuwa ni wa furaha. Kaab aliusoma sawasawa kwa kuwa alimjua mwenye uso, na tena alijua alilolifanya. Ni huyo huyo Kaab aliyesimulia kuwa Mtume alipofurahi kweli uso wake ulinawiri kama kipande cha mwezi.

Nami nikakumbuka jingine ambalo sikupenda kulikumbuka. Zamani, nilipokuwa bado kijana katika kazi hii, alikuwapo chuoni kwangu mtoto ambaye kila nilipomkaripia alitabasamu. Nikimwambia amekosea harakati, atabasamu. Nikimpandishia sauti, tabasamu lazidi. Nikaona yanidharau mbele ya wenziwe, nikamchapa, na si siku moja. Bibi yake akaja, mtu mzima, akakaa mlangoni kwa adabu, akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu hacheki. Akiogopa meno yake hutoka. Hata babake alipozikwa alikuwa hivyo hivyo, watu wakamsema." Sikuwa na la kumjibu. Mtoto yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na tukikutana njiani hunipa shikamoo kwa heshima zote, na hutabasamu, nami mpaka leo sijui ni tabasamu lipi.

Lakini nililokusudia hasa ni la nyumbani mwangu, na mama yao ameniruhusu kulisema.

Katika nchi yetu jambo la mwezi muandamo limewagawa watu kwa miaka mingi. Wako wanaofuata tangazo la Mufti na BAKWATA, na wako wanaofunga na kufungua kwa habari ya mwezi ulioonekana nchi nyingine, na wengine hutazama Makka. Tanga yetu ni hivyo hivyo: mtaa mmoja, na mara nyingine nyumba moja, Idd mbili. Mimi ni Shafii niliyesomeshwa na Mashafii, na kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba kila nchi ina mahali pake pa kuchomoza mwezi. Wanazuoni wengi wa madhehebu mengine wamesema ukionekana pamoja umewalazimu wote. Hitilafu hii ni ya tangu zamani, wala haikuanza na simu za mkononi.

Ramadhani moja, miaka kadhaa iliyopita, tulikuwa tumekaa jamvini tumekwisha kufuturu. Mihogo ya nazi bado imo sahanini. Mwanangu wa pili, ambaye wakati huo ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni, akakohoa kidogo akasema, "Baba, niwie radhi. Mwezi umeonekana nje. Mimi na wenzangu kesho tunaswali Idd."

Sikusema neno. Hilo ndilo nililokuwa nikijisifia baadaye: kwamba sikusema neno hata moja. Nilinawa mikono, nikaondoka kwenda msikitini kwa Tarawehe.

Asubuhi yake alikwenda kuswali na wenziwe, hakula kwetu. Siku ya pili, ambayo ndiyo Idd yetu, alikuja kutoa mkono, akasimama ukumbini, akasalimu, akaondoka pasipo kukaa. Mambo yakawa ni hayo kwa miezi. Hatukugombana, na hapana mtu aliyetuona tukigombana. Alikuja, akauliza hali, akaweka mkate au samaki alionunua, akaenda zake. Nikamwambia mama yake, "Mwanao amejitenga nasi, wala mimi sikumwambia kitu." Akanijibu, "Bwana, hakukimbia maneno yako. Alikimbia uso wako. Mimi nilikuwapo, niliuona, na mimi pia niliogopa."

Sasa nitasema kweli, kwa kuwa aandikaye katika safu kama hii akisema uongo atakuwa amewapotezea watu wakati wao. Usiku ule sikuwa nimemkasirikia mtoto. Nilikuwa nimeingiwa na hofu. Nilikuwa nikiwaza barazani watasema nini kesho: mwalimu anawafunza watoto wa watu, wake amemshinda. Hofu hiyo ndiyo iliyokuja usoni, na mwanangu akaisoma kuwa ni hasira, na pengine kuwa ni kumchukia. Hakukosea kusoma, herufi zilikuwa hizo. Ila maana yake ilikuwa nyingine, na mwenye kuijua maana alinyamaza.

Na ilhali nilikuwa na la kumwambia. Yapo katika Sahihi ya Muslim masimulizi ya Kurayb, aliyetumwa Sham kwa Muawiya. Aliuona mwezi huko usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa Ramadhani, Ibn Abbas (R.A.) akamuuliza waliuona lini, akamweleza. Ibn Abbas akamwambia kuwa wao waliuona usiku wa Jumamosi, nao wataendelea kufunga mpaka watimize thelathini au wauone. Kurayb akauliza kama kuona kwa Muawiya na kufunga kwake hakutoshi. Akajibiwa kuwa hakutoshi, na kwamba hivyo ndivyo walivyoamriwa na Mtume (S.A.W.). Basi. Mmoja aliuliza, wa pili akajibu, na hatukusimuliwa kuwa yuko aliyemgeuzia mwenziwe shavu. Hii ndiyo hoja yangu, na ni hoja kubwa. Mwanangu hakuisikia mwaka ule, kwa sababu nilitanguliza uso.

Binti yangu akanionyesha uchunguzi mwingine, nao ndio uliozibadilisha desturi zangu chuoni. Mwaka 2013 Frances Chen na wenziwe walichapisha habari za majaribio yaliyoanzia Freiburg, Ujerumani. Watu walionyeshwa picha za sinema za wasemaji wanaotetea rai wasiyoikubali, na chombo kikapima macho ya mtazamaji yalipokaa. Wale waliomkazia msemaji macho ndani ya macho ndio waliogeuka kidogo kuliko wote. Kisha wakaamrishwa wengine watazame macho ya msemaji, na wengine watazame kinywa chake. Na wale wa macho wakawa wagumu zaidi kukubali. Ikiwa mtu anaafikiana nawe, kutazamana ni mapenzi. Ikiwa anakupinga, kutazamana huwa kama majogoo wawili.

Nami miaka yote nilikuwa nikimwambia mtoto ninayemkanya, "Nitazame! Nitazame nikisema nawe!" Watoto wa pwani hufunzwa na mama zao kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Nikaona kuinamisha kule ni ukaidi. Sasa namwacha atazame jamvi, atazame juzuu, atazame mlangoni akitaka, na maneno nayasema yale yale. Siwezi kuapa kuwa wamekuwa malaika, lakini wanasikia zaidi. Na tazameni baraza za nyumba zetu: wazee hukaa ubavu kwa ubavu, wote wamekabili njia, wakabishana juu ya siasa na juu ya mirathi mpaka magharibi, na kesho wakarudi pale pale.

Liko na jambo la mwisho aliloninong'oneza binti, nalo lilinipa moyo. Mwaka 2019 Charles Dorison, Julia Minson na Todd Rogers waliandika kuwa watu hukisia vibaya uchungu wa kusikiliza upande wa pili. Waliomchagua Bibi Clinton huko Marekani waliulizwa watajisikiaje wakitazama hotuba ya kuapishwa kwa Bwana Trump, ya Januari 2017. Walikisia maumivu makubwa. Walipoitazama, yalikuwa madogo kuliko walivyodhani. Hivyo vidole vya watu wa Nuhu viliwakinga na kitu kisichouma sana.

Basi Ramadhani iliyofuata nilimtuma mdogo wake akamwite aje afuturu nasi. Akaja. Ulipofika usiku wa kuutazama mwezi, habari zikawa zile zile, wa nje umeonekana na wetu haukuonekana. Nilimwambia asikae mbele yangu. Akae ubavuni, tuegemee ukuta mmoja. Nikamwambia, "Mwanangu, uso wangu usiutazame, una kazi zake. Sikiliza maneno." Nikamsimulia habari ya Kurayb, naye akanisomea dalili zake, na nyingine sikuwa nikizijua. Nikamwambia pia lile la hofu. Alinyamaza kitambo, akasema, "Baba, mimi nilidhani umeniapiza."

Hakubadili kauli yake, nami sikubadili yangu. Asubuhi ilikuwa ni Idd yake, nasi tunatimiza thelathini. Mama yake akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama ampikie. Niliona uzito, sitaficha. Jiko kuwaka asubuhi katika nyumba ya mwalimu, Ramadhani, na majirani wanasikia harufu. Nikamwambia, "Mpikie. Amefuata wanazuoni." Akampikia mchuzi wa samaki na mikate ya kusukuma. Kwa kuwa amefunga hakutaka hata kuugusisha ulimi, na chumvi ikazidi sana; tulikuja kujua jioni tulipofuturu kwa uliobaki. Kijana alikuwa amekula sahani nzima mbele ya mama yake, na mama yake aapa kuwa uso wake haukubadilika hata kidogo.